Roketi Yetu Tumeanza Kuichora Kutoka Pale Itakapotua

Kila anayepita karibu na karakana ya klabu yetu hapa Malindi, akaliona lile bomba refu lililolazwa juu ya meza, huuliza swali lile lile: itapaa mpaka wapi? Ni swali la haki, kwa kuwa roketi imeumbwa kupaa. Hata hivyo, naamini kwamba mwanafunzi anayebuni roketi yake ya kwanza ya nguvu kubwa analiweka mbele swali linalopaswa kukaa nyuma. La kwanza ni itatua wapi, kwa kasi gani na ikiwa katika hali gani. Mchoro wetu mzima, kuanzia kipenyo cha bomba na ukubwa wa mapezi hadi aina ya mota na urefu wa reli ya kurushia, umetokana na swali hilo. Nawaandikia hasa wanafunzi wa vyuo vingine vya Pwani wanaofikiria kuanzisha klabu kama yetu, kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya watu wenye majangwa mapana ya kurushia, nasi hatuna jangwa. Tuna bahari upande mmoja, mashamba ya minazi na mikorosho upande wa pili, na pepo za msimu zinazovuma baina yake.

Malindi yenyewe inatufundisha jambo hili. Kaskazini mwa mji, katika Ghuba ya Ungwana mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyasimika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa mhandisi Luigi Broglio. Kutoka hapo, kati ya Aprili 1967 na Machi 1988, zilirushwa roketi za Scout zilizotengenezwa Marekani, na mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa NASA, aliipa setilaiti jina la Uhuru. Watu hupenda kueleza kwamba mahali hapa palichaguliwa kwa kuwa pako takriban digrii 3 tu kusini mwa Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki kasi ya zaidi ya mita 460 kwa sekunde kabla hata mota haijawashwa. Maelezo hayo ni ya kweli, ila nusu yake ya pili haisemwi mara nyingi: mashariki mwa Ngomeni ni bahari tupu. Scout ilikuwa roketi ya hatua nne za fueli yabisi, na hatua iliyokwisha kuungua lazima iangukie mahali. Waliojenga majukwaa yale walijua zitaangukia wapi kabla hawajarusha chochote.

Roketi yetu ni ndogo mno ikilinganishwa na hizo, lakini si kitu cha kuchezea. Mota za roketi hupangwa kwa herufi kulingana na jumla ya msukumo wake, unaopimwa kwa nyutoni-sekunde, na kila herufi ina kikomo kilicho mara mbili ya herufi iliyotangulia. Mota ya H huanzia nyutoni-sekunde 160 hadi 320, ya I hadi 640, ya J hadi 1,280. Nguvu kubwa huanzia pale H inapoanzia. Katika vyama vya warushaji wa Marekani, ambavyo kanuni zake zimeigwa kwingi, mtu hupewa cheti cha ngazi ya kwanza kwa kurusha H au I na kuirudisha roketi ikiwa inafaa kurushwa tena. Hapewi kwa urefu aliofikia. Napenda sana kipimo hicho. Hapa Kenya pia wanafunzi wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana, na mradi wa roketi wa Nakuja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja ndio uliotupa moyo.

Mota yenyewe hatuitengenezi, wala sitaandika namna ya kuitengeneza. Kuchanganya fueli ya roketi ni kazi ya watu wenye mafunzo, leseni na majengo yake, na klabu changa inayoanzia huko inaanzia mahali pa hatari kuliko pote. Tumeuwekea mchoro mota ya kiwandani ya daraja la I, yenye jumla ya msukumo wa nyutoni-sekunde 560, inayoungua kwa sekunde 2, yaani wastani wa nyutoni 280. Roketi nzima ikiwa tayari kurushwa itakuwa na uzani wa kilo 3.2, urefu wa mita 1.6 na kipenyo cha milimita 98. Msukumo huo wa wastani ni karibu mara tisa ya uzito wake, ilhali warushaji wengi huhesabu mara tano kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa hesabu hizo roketi itafika takriban mita 780 sekunde 12 hivi baada ya kuwashwa. Wapo wenzangu waliotaka mota ya J, ambayo ingetupeleka karibu mara mbili ya hapo, na majadiliano yalikuwa marefu. Iliyoyakata ni hesabu ya upepo, ambayo naomba msomaji anifuate hatua kwa hatua.

Uwanja tunaoulenga uko upande wa nyika, mbali na ufuo, na kutoka katikati yake hadi shamba la kwanza la watu ni kama mita 600. Chukua siku ya kusi ya kawaida, yenye upepo wa mita 8 kwa sekunde. Tuseme roketi inafika kileleni, mita 780, na parachuti kubwa inafunguka hapo hapo, ikiishusha kwa mita 6 kwa sekunde. Itachukua sekunde 130 kufika chini, na katika muda huo upepo utakuwa umeipeleka zaidi ya kilomita moja. Hiyo ni shambani kwa watu, au juu ya mnazi, au juu ya bati la nyumba. Sasa chukua roketi ile ile, upepo ule ule, lakini kileleni ifunguke parachuti ndogo tu, inayoiacha ishuke kwa mita 20 kwa sekunde hadi ibaki mita 180 kutoka ardhini, ndipo kubwa ifunguke. Sekunde 30 za mwanzo, sekunde 30 za mwisho, jumla dakika moja; upepo utaipeleka mita 480, nayo itatua ndani ya uwanja. Tofauti ya hesabu hizi mbili ndiyo iliyotuletea parachuti mbili, vyumba viwili vya parachuti na chumba cha vifaa vya umeme katikati yake. Ndiyo pia iliyoiondoa mota ya J, kwa sababu urefu wa kupaa ukiongezeka mara mbili, nafasi yote iliyobaki ukingoni mwa uwanja inaliwa.

Upepo una kazi ya pili, ambayo ni ya hatari zaidi na haionekani upesi. Roketi yenye uthabiti, yaani inayojiweka sawa hewani bila kupinduka, hugeuza pua yake kuelekea upepo unakotoka. Inapoiacha reli kwa kasi ya mita 17.6 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi tunayoipata kwenye reli ya mita 2, upepo wa mita 8 unaovuma ubavuni huifanya hewa iijie kwa pembe ya digrii 24 hivi, nayo hulala kuifuata pembe hiyo. Tukirefusha reli hadi mita 3, kasi ya kuiacha inafikia mita 21.6 na pembe inashuka hadi digrii 20. Upepo ukiwa mita 4 tu, pembe ni kama digrii 10. Kwa hiyo tumechagua reli ya mita 3, ingawa ni nzito kubeba na alumini yake si rahisi, na tumechagua pia majira. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na hukaza Juni na Julai. Kaskazi hutawala Desemba hadi Machi. Baina yake kuna tanga mbili, kipindi ambacho upepo hulegea na kubadilika, na mabaharia wetu wamekitumia tangu zamani kwa safari za kwenda pande zote. Asubuhi za tanga mbili, kabla ya matlai, upepo wa kutoka mashariki, kupata nguvu, ndizo tunazozitaka.

Mambo haya mawili ya upepo yanakwenda kinyume, na kwa mtu wa Pwani hilo lina maana ya pekee. Wakati wa kusi roketi italala kuelekea kusini-mashariki inapopanda, yaani upande wa bahari, kisha parachuti itairudisha bara. Mambo yote yakienda sawa, makosa mawili yanapunguzana na roketi inatua karibu na reli. Parachuti isipofunguka, hakuna cha kuirudisha: itaanguka kama mkuki upande ule ule ilikolalia. Ndiyo maana mstari wa usalama wa watazamaji katika mchoro wetu hauko sawa pande zote. Upande unakotoka upepo tumeusogeza mbali zaidi, na njia zote za miguu upande huo zitakuwa na mtu wa kulinda.

Parachuti kubwa ina kipenyo cha mita 1.5. Baada ya fueli kuungua roketi itakuwa na kilo 2.9 hivi, na kwa eneo la kitambaa hicho inashuka chini kidogo ya mita 6 kwa sekunde, kasi ambayo mapezi yanaweza kuivumilia kwenye ardhi ngumu. Hesabu hiyo ni ya mistari michache, na kila mwanafunzi wa fizikia anaweza kuifanya. Kushona ndiko kulikotupeleka kwa mtu mwingine kabisa, mzee mmoja wa mjini anayeshona na kutengeneza matanga. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, akakichukua kile kitambaa chepesi cha nailoni na kukipapasa kwa vidole kwa muda bila kusema neno. Kisha akanipa ncha moja. “Vuta hapa, mwanangu,” akasema, nami nikavuta kufuata uzi, kitambaa hakikusogea. “Sasa vuta mshazari.” Nikavuta kutoka pembe hadi pembe, kikanyumbuka na kupinda mbele ya macho yangu. Akatuambia kwamba tanga lililokatwa ovyo halikai umbo lake upepo unapolijaza, na kwamba kila kipande kikatwe uzi ukiwa umelala sawa na mstari wa katikati, mshono ukunjwe mara mbili ili ncha ya kitambaa isionekane, na kila mahali kamba inaposhikia paongezwe kiraka.

Parachuti yetu ina vipande vinane vilivyokatwa kwa namna hiyo, na tundu dogo katikati linaloachia hewa ili roketi isiyumbe ikiteremka. Nimesoma maelezo mengi ya ubunifu wa parachuti, na sidhani kama kuna yaliyonifaa kuliko nusu saa ile barazani kwa mzee.

Kuhusu uthabiti, msingi wake haujabadilika tangu watu walipoanza kufunga manyoya nyuma ya mshale. Roketi ina kitovu cha uzito, mahali inapoweza kusawazishwa juu ya kidole, na ina kitovu cha shinikizo, mahali ambapo nguvu zote za hewa ya ubavuni zinaweza kuhesabiwa kuwa zinasukuma. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha roketi. Mhandisi wa NASA James Barrowman alionyesha katika miaka ya 1960 namna ya kukitafuta kitovu cha shinikizo kwa hesabu za kalamu na karatasi, na leo programu huria ya OpenRocket, iliyoanzia kwenye tasnifu ya uzamili ya Sampo Niskanen nchini Ufini mwaka 2009, huzifanya hesabu hizo papo hapo. Hata hivyo tuliafikiana kwamba kila mwanachama azifanye kwa mkono kwanza. Katika mchoro wetu kitovu cha uzito kiko sentimita 101 kutoka kwenye pua na cha shinikizo sentimita 118. Tofauti ya sentimita 17 ni vipenyo 1.7. Fueli ikiungua uzito wa nyuma unapungua na tofauti inaongezeka. Mgeni wa mambo haya hudhani kwamba kuongeza ukubwa wa mapezi ni kuongeza usalama, lakini roketi yenye uthabiti uliopita kiasi huugeukia upepo kwa nguvu zaidi, na kwa upepo wetu hilo ndilo jambo la kuogopa. Tulipunguza mapezi, hatukuyaongeza.

Mapezi ni manne, ya plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Hatukuagiza chochote kutoka ng’ambo kwa kazi hii, kwa kuwa mafundi wa boti za faiba wako hapa hapa. Kwao tulijifunza kwamba katika joto letu gundi ya resini huganda upesi kuliko maelezo ya kopo yanavyosema, kwamba ichanganywe kidogo kidogo na alfajiri, na kwamba mbao ipanguswe vumbi na jasho la mikono kabla haijaguswa na gundi. Kila pezi linapita kwenye mpasuo wa bomba la nje na kugandishwa kwenye bomba la ndani linaloshika mota, kisha pembe zake zinajazwa gundi na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko. Pezi lililobandikwa juu ya bomba la nje peke yake hutetemeka kwa kasi kubwa, nayo roketi yetu itafikia kama mita 150 kwa sekunde. Likitetemeka, hung’oka.

Kiini cha roketi ni kile chumba cha katikati. Humo mna altimita mbili, kila moja na betri yake na swichi yake, zisizotegemeana kwa lolote. Altimita hizi hupima shinikizo la hewa, ambalo karibu na usawa wa bahari hupungua kwa takriban paskali 12 kwa kila mita unayopanda. Shinikizo likiacha kupungua na kuanza kuongezeka, kifaa kinajua kwamba kilele kimepita na kinaagiza parachuti ndogo itoke. Ili hewa ya nje iingie humo bila kupigwa na upepo wa upande mmoja, tumepanga matundu manne madogo kuuzunguka mwili, kwa umbali ulio sawa, mbali na bega la pua. Vyumba vya parachuti navyo vina tundu lake, kwa sababu hewa iliyofungiwa humo roketi ikiwa ardhini hubaki na shinikizo la ardhini, na roketi ikifika juu kwenye hewa nyepesi hewa hiyo inaweza kuisukuma pua itoke kabla ya wakati. Skrubu ndogo za nailoni zinaishika pua mpaka msukumo wa kuitoa parachuti uzikate.

Msukumo huo kwa kawaida hutolewa na baruti kidogo, na baruti ni kilipuzi; Kenya ina sheria na leseni zake kwa vilipuzi. Kwa hiyo majaribio ya kutenganisha roketi ikiwa imelala chini yatafanywa mbele ya mtu mwenye leseni, si vinginevyo. Majaribio haya siyahesabu kuwa hatua ya hiari. Parachuti iliyoshonwa vizuri kuliko zote haina faida ikibaki ndani ya bomba.

Kuna adui mmoja wa kwetu ambaye vitabu vya mbali havimtaji, naye ni chumvi. Nyaya zilizoachwa wazi ndani ya karakana huota kutu ya kijani kwenye ncha, na hapo umeme unaopita ni wa kubahatisha. Vifaa vyote vya umeme tunavihifadhi ndani ya makopo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, viungo vyote vya nyaya vinalehemiwa kwa risasi badala ya kusokotwa, na siku ya kurusha kila njia ya umeme itapimwa tena uwanjani kabla roketi haijasimamishwa.

Kilichobaki sasa ni makaratasi na idhini. Barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya inaeleza mahali, saa na urefu wa juu kabisa, ambao tumeuandika kuwa mita 1,000 ili kuacha nafasi juu ya hesabu zetu, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Malindi hauko mbali na marubani wana haki ya kujua. Barua ya pili ni kwa wenye mashamba wanaotuzunguka, na hiyo hatutaituma kwa mtu; tutaipeleka wenyewe, tukae tuelezane, tuwaonyeshe kwenye ramani duara la mita 480 na mstari wa upande wa upepo, na kuwauliza ni siku zipi wanavuna korosho au wana watoto wanaochunga upande ule. Mchoro tumeuacha wazi hadi majibu yao yapatikane. Wakituambia kwamba mita 600 ni kidogo, basi tutashusha mahali parachuti kubwa inapofungukia kutoka mita 180 hadi 150, au tutaongeza uzito na kupunguza urefu wa kupaa, na OpenRocket itafunguliwa tena jioni hiyo hiyo.